Kiwanja cha Kupita Moja kwa Moja

Kambi ya Pine Narrows, Wisconsin
Jumamosi, 6 Julai 1996

Mpendwa Mama Ardis,

Tumefika salama. Naanza na hilo kwa sababu najua barua unazisoma umesimama mlangoni, na huketi mpaka ulione neno salama. Haya, kaa sasa.

Ningepiga simu, lakini kwenye kibanda cha simu hapo dukani foleni ni ya watu kumi na wawili, na hata zamu yangu ikifika, masikio yako yale nitayauliza habari za mvua yanijibu habari za kuku. Kwa hiyo tutaandikiana kama tulivyokubaliana. Duka la kambi linapokea barua za wageni. Weka jina langu tu, nitaipata.

Safari ya saa tatu imetuchukua nne na nusu. Nels alitapika kabla ya daraja, na Britta aliuliza mara ishirini kama karavani bado inatufuata. Kila akiuliza, na mimi natazama kioo kuhakikisha. Miaka minane nimepanda pikapu ile upande wa abiria, natafuna karanga na kumsahihisha Loren njia. Sikujua usukani unakuwa mzito hivi ukiwa umefunga nyumba nzima nyuma yako.

Nilichokuwa nakiogopa unakijua. Kiwanja chetu namba 88, kule chini ziwani, kimebanwa na misonobari, na hakuna namna ya kukiingia ila kwa rivasi. Nawe unajua Jumamosi ya kuwasili ilivyo: watu wa kule chini wanatoa viti vya kukunja na bia zao, wanakaa kutazama wageni wakihangaika na rivasi. Ndiyo sinema yao. Loren alikuwa anaingiza mara moja tu, mimi nyuma namwelekeza kwa mikono, na yule mzee wa 87 anatupigia makofi. Wiki nzima iliyopita nimefanya mazoezi peke yangu kwenye uwanja wa shule. Nimegonga pipa la taka mara tatu, pipa lilelile.

Basi nimefika getini. Binti wa mapokezi akatazama karatasi zake, akaniambia sisi mwaka huu si 88, ni 12. Namba 88 ina watu wengine. Hii 12 iko huku juu karibu na geti, jirani na mabafu na bwawa la watoto. Unaingia upande huu, unatokea upande ule, rivasi hakuna hata ya hatua moja. Niliingia kama treni. Nikazima gari, nikalia, maana nilikuwa nashukuru na nimekasirika kwa wakati mmoja.

Shukrani imekwisha, hasira ndiyo iliyobaki. Miaka thelathini na mbili 88 ni ya akina Tollefson, tangu enzi zako na marehemu baba mkwe. Sheria ya hapa wewe ndiye uliyenifundisha: aliyekuwa na kiwanja ndiye anayewekewa mwaka unaofuata, isipokuwa mwenyewe atie saini kwamba amekiacha. Nani ametia saini? Naona wamesikia Loren amefariki, wakasema mjane huyu na watoto wawili atapiga kelele gani. Watanijua. Mwenye kambi anarudi Alhamisi, na Alhamisi hiyohiyo nitakuwa mlangoni kwake.

Watoto wazima. Yule mtu wa kambi anayevaa ngozi ya dubu kuwachekesha watoto alizungushwa kwenye kigari chake saa kumi kusalimia wageni. Britta alimrukia shingoni. Nels alijificha chini ya meza, akasema atatoka baba akifika. Nikampa soseji.

Tarehe 27 tukirudi tutapita kwako tukae siku tatu, kama nilivyokuahidi.

Mkweo,
Corinne


Elk Prairie
Jumanne, 9 Julai

Corinne mwanangu,

Barua yako nimeisoma nimesimama, kisha nimeketi. Nashukuru mmefika. Tangu Jumamosi sijala kitu cha maana.

Juu ya kiwanja, nakuomba uliache jambo hilo. 88 ni pazuri kwa picha tu. Mbu wa pale nawajua kwa majina, na ukitaka kwenda bafuni na mtoto aliyebanwa ni kupanda mlima. Huko juu una kila kitu karibu, na watoto wako machoni pako. Kiwanja ni kiwanja. Umeenda ukapumzike, hukwenda kushitakiana na watu. Mwenye kambi ni mtu mwema, nimemjua tangu akiwa kijana, hawezi kumdhulumu mjane. Labda Loren alisahau kujaza karatasi. Mwaka jana alikuwa na mambo mengi.

Kwa hiyo usiende ofisini. Nakuomba kama mama.

Hapa sina jipya. Matango yamezidi, nayapeleka kanisani na akina mama wenzangu wanakimbia wakiniona na kapu. Chumba cha Loren nimekipaka rangi mwenyewe, na kile kitanda cha juu nimekifunga ubao pembeni Nels asianguke. Nimewanunulia buti za mvua, nyekundu na za kijani. Wakigombana watajuana wenyewe. Tarehe 27 nimeichora duara kwenye kalenda. Nilikuwa na mtoto mmoja tu, Corinne. Sasa nina nyinyi watatu, na nahesabu siku kama mtoto anayengoja Krismasi.

Mwambie Nels hata baba yake alimwogopa dubu yule mpaka alipofika miaka sita.

Mama Ardis


Pine Narrows
Ijumaa, 12 Julai

Mama,

Nilikwenda ofisini. Barua yako nilikuwa nimeipata asubuhi ileile, nikaisoma, nikaenda hivyohivyo. Unanijua.

Nilikwenda na maneno yangu nimeyapanga. Nilianza hata kabla ya kukaa. Mwenye kambi alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi, kisha akaniuliza, kwa upole kabisa, "Mumeo hakukuambia?"

Akatoa kadi kwenye sanduku la mbao. Ni mwandiko wa Loren, zile herufi zake zinazolala kama zimechoka. Tarehe ni 19 Agosti mwaka jana, siku tuliyoondoka. Nakumbuka siku hiyo. Aliniambia anakwenda kurudisha ufunguo wa mtumbwi, akakawia, nikampigia honi. Kumbe alikuwa amekaa kwenye kiti kilekile nilichokalia mimi jana, anatia saini kuiacha 88. Chini yake ameandika maneno ambayo nimeyanakili neno kwa neno, nisije nikajiambia kesho kwamba niliota:

"Mwaka kesho mke wangu atakuja peke yake na watoto. Tafadhali mpeni kiwanja cha kupita moja kwa moja, karibu na mabafu. Rivasi hawezi, na hataomba msaada. Nimeshalipia. Msimwambie mpaka aulize."

Mama, ile ilikuwa Agosti. Loren amefariki Machi. Mimi na kila mtu tulielezwa moyo ulisimama ghafla, mtu wa miaka thelathini na sita, kudra ya Mungu, hakuna aliyejua. Sasa huyu aliyeandika kadi alijuaje kwamba mwaka huu nitakuja peke yangu?

Jana kutwa nimejaribu kufikiri kwamba labda alitaka kuniacha. Nilitamani iwe hivyo. Ningekuwa na mtu wa kumtukana. Lakini mtu anayekuacha hakutafutii kiwanja karibu na bafu.

Nimeisoma tena barua yako. Uliniambia alisahau kujaza karatasi, na ukaniomba mara mbili nisiende ofisini. Wewe si mtu wa kuomba mara mbili. Nakuuliza jambo moja, nakuuliza wewe mama yake. Ulijua?

Corinne


Elk Prairie
Jumatatu, 15 Julai

Corinne,

Nilijua.

Juni mwaka jana alipimwa kwa ajili ya bima ya kazini. Daktari akasikia kitu, akampeleka kwa mwingine, na huyo akamwambia misuli ya moyo imelegea, na hakuna wa kuirudisha. Alipewa dawa za kumsogezea siku. Labda mwaka, labda miwili, na unaweza kusimama wakati wowote. Alikuja kwangu moja kwa moja kutoka hospitali. Alikaa pale mezani jikoni, akamaliza sahani ya mkate wa tangawizi ndipo akanieleza.

Aliniambia, "Mama, nataka kiangazi kimoja Corinne anigombeze kama mtu mwenye afya. Akianza kunihurumia, nitakuwa nimeshakufa." Akaenda kuichukua Biblia yake ya kipaimara, akauweka mkono wangu juu yake. Niliapa. Nilidhani mwenyewe atakuambia baada ya muda. Alisema baada ya kiangazi, kisha akasema baada ya Krismasi, kisha akasema theluji ikiyeyuka.

Kwamba ameiacha 88 aliniambia. Hiyo 12 sikuijua mpaka ulipoandika. Hilo lilikuwa lenu wawili, na nimelia nilipolisoma.

Baada ya mazishi kiapo kilikuwa kimekwisha, ningeweza kusema. Niliogopa. Nilijua utaniuliza tangu lini, na nikikujibu hutanisamehe, na watoto sitawaona tena. Huo ndio ukweli, sina mwingine mzuri zaidi.

Ardis


Pine Narrows
Alhamisi, 18 Julai

Mama Ardis,

Nimeandika barua nne, nimezichana. Hii itakuwa fupi.

Krismasi ulikuwa nyumbani kwangu. Loren alishindwa kuupandisha mti ngazini, akaketi, na mimi, mbele yako na mbele ya watoto, nikamwita mvivu. Nikasema nimeolewa na kochi. Wewe ulinyanyuka ukaenda jikoni ukafungulia maji. Nilidhani unaosha vyombo.

Kipupwe chote nilimsema hivyo. Akiomba nibebe mimi magunia ya chumvi ya kumwaga kwenye barafu, nilimsema. Akilala saa moja na watoto, nilimsema. Na ile asubuhi ya Machi nilimwambia, "Hata theluji ya mlangoni kwako unangoja malaika waje waizoe?" Akacheka, akachukua beleshi. Britta ndiye aliyemwona kupitia dirishani, ameanguka.

Siku ya mazishi nilikuambia wewe peke yako neno ambalo sijamwambia hata mchungaji. Nilikuambia, nimemuua kwa beleshi. Ulinishika mkono ukasema si kosa langu. Nikayachukua kama maneno ya msibani, yale ambayo kila mtu humwambia mfiwa. Kumbe ulikuwa na ushahidi mfukoni. Miezi minne nimelala na beleshi lile, na wewe unanitumia matango.

Ningejua, nisingempa beleshi. Umeliwaza hilo? Labda leo angekuwa hapa anakunywa kahawa yake mbaya na kumdanganya Nels habari za dubu. Labda siku kumi zaidi, labda mwaka. Mlinichagulia, wewe na yeye, na yeye siwezi kumgombeza tena.

Wewe ulimuaga miezi tisa. Mimi sikupata dakika tano.

Tarehe 27 usitungoje.

Corinne Tollefson


Elk Prairie
Jumapili, 28 Julai

Corinne,

Ulisema nisingoje, lakini jana nilingoja. Toka saa saba mchana nilikuwa kwenye sanduku la barua, najifanya nang'oa magugu. Saa tisa kasoro nikaiona karavani inatokea kwenye kona ya ghala la nafaka. Ulikuwa unaendesha vizuri, katikati ya mstari wako, bila haraka. Loren angejisifu kwa watu.

Taa yako ya kukata kushoto iliwaka. Niliiona. Ikawakawaka mpaka karibu na daraja dogo, kisha ikazimika, mkapita. Sikupunga mkono, nisije nikaonekana naomba. Nels alinipungia yeye. Keki niliyokuwa nimewapikia ninyi nimeipeleka kanisani leo, nimewaambia nilipika ya ziada.

Sikuandikii kujitetea. Yote uliyosema ni kweli, lile la beleshi zaidi ya mengine. Nimeliwaza kila siku. Hapakuwa na haja ya kuniuliza.

Lakini kuna jambo bado sijakuambia, na ukiwa umeshaniacha basi uniache ukiwa unalijua. Nilikuandikia kuhusu kiapo na Biblia, nikajipamba. Kiapo nilikishika kwa sababu kilinifaa. Tangu Juni ile Loren alikuwa akija kwangu kila Jumanne. Wewe alikuambia ni zamu ya ziada kiwandani. Alikuwa anafika saa kumi na moja jioni, anakula, anakaa mpaka saa mbili. Nami nikawa tena na mtoto wa kumpikia. Miaka kumi nilikuwa mtu wa kutembelewa sikukuu, na ghafla nikawa mtu anayeambiwa mambo. Alilia kwangu. Alicheka kwangu. Aliniambia yale ambayo mwanamume humwambia mkewe.

Mara nyingi alipokuwa anavaa koti aondoke, nilijua ninachopaswa kumwambia. Nenda nyumbani, Loren, mwambie mkeo. Nilikuwa mama yake, angenisikia. Sikumwambia. Nilijua nikimwambia, Jumanne zangu zimekwisha. Nilikunyang'anya, Corinne, na nilikuwa najua ninachokifanya.

Sasa unajua yote. Buti za watoto nitazituma kwa posta kama utaruhusu.

Ardis


Eau Claire
Jumatano, 31 Julai

Ardis,

Ndiyo, niliwasha taa. Nilikuwa nimekusudia kupita bila hata kutazama, nikakuona umeinama na kofia yako ya majani, na mkono ukaiwasha wenyewe. Kisha nikakumbuka maji uliyofungulia jikoni kwangu siku ya Krismasi, na nikaizima. Britta hakusema nami mpaka tulipofika nyumbani. Nels aliuliza kama bibi naye amekufa, kwa kuwa tunapita kwake bila kusimama. Hapo nililazimika kuegesha kando ya barabara nikamweleza kwamba uko hai.

Barua yako ya Jumapili nimeisoma mara nyingi. Mara ya kwanza niliitupa kwenye pipa. Nilirudi kuichukua, ina madoa ya kahawa sasa.

Jumanne zile nazikumbuka. Nilikuwa namwekea chakula kwenye oveni, na akirudi anakila chote mbele yangu, na kuniambia kiwandani leo kulikuwa na kazi. Mtu anayetoka kula kwa mama yake. Nilidhani ameanza kunenepa kwa furaha.

Nimechukua kalenda ya mwaka jana nikahesabu. Kutoka Juni ile mpaka Machi ni Jumanne thelathini na nane. Ukitoa wiki mbili za kambini na ile ya dhoruba, thelathini na tano.

Jumamosi hii tutakuja, tutafika saa tano asubuhi. Nakuja na pikapu peke yake. Sitaki uelewe vibaya: siji kukusamehe. Huko sijafika, na huenda nisifike, na usiniulize tukiwa mezani. Watoto watakula, watajaribu buti zao, kisha wapeleke kwa jirani yako akae nao mpaka jioni. Usimwalike mchungaji wala rafiki yako yeyote aje kutupatanisha.

Tukibaki wawili utanisimulia. Anza na ile ya kwanza, ya mkate wa tangawizi, uje mpaka ya mwisho. Alikaa kiti kipi, alivaa nini, alikula nini, alikuwa na rangi gani usoni. Alipolia, alilia kuhusu nini. Alisema nini juu yangu, hata yale yatakayoniuma, hayo hasa. Kama alisema nina mdomo mchafu, niambie alivyosema. Kama kuna Jumanne mlikaa tu kimya mkitazama theluji, niambie mlikaa kimya saa ngapi.

Tusipomaliza Jumamosi, nitarudi Jumamosi nyingine, na nyingine. Ni miezi tisa ya mume wangu, na mimi sikuwapo. Usiruke hata moja.

Corinne